Oili Niliyoipima kwa Kidole

Asubuhi ile pikapu yetu ilipotufia hapa Kanazi, Ngara, tulikuwa watu watano uani, na nawataja wote kwa sababu wawili hawapo tena kujitaja wenyewe. Alikuwepo mume wangu Yusto, mwenye pikapu. Alikuwepo mdogo wake Gervasi, na mke wa Gervasi, Melania, ambaye mimi naye tuliolewa mwaka mmoja, yeye kabla ya mavuno na mimi baada. Alikuwepo mama yao, mama mkwe wangu, ambaye huku Ngara mimi mkaza mwana namwita mabukwe. Na mimi nilikuwepo, Anisia binti Stanislausi, Msubi wa Biharamulo niliyekuja kuolewa kwa Wahangaza. Fundi Seifu alifika mchana, mambo yameshaharibika.

Jina la mabukwe sikulitamka hata siku moja alipokuwa hai. Kwetu mke wa mtoto hamtaji mkwe wake kwa jina. Leo naliandika, na wazee wenzangu watanisamehe, kwa sababu wajukuu wake wenyewe hawalijui. Aliitwa Pelagia.

Mwanangu, naandika nikiwa na hasira na sioni kwa nini niifiche. Mwezi uliopita mjukuu wangu Deo alikuja na gari lake, lile refu la kuvuta magurudumu yote manne, analobebea watu kutoka vijiji vya porini ambako basi halifiki. Akashusha dumu la oili alilonunua Nyakanazi. Akalifungua mbele yangu, akachovya kidole, akaisugua oili kwa kidole gumba, akatabasamu. "Bibi, ona hii," akasema. "Nzito. Hii ndiyo oili ya wanaume."

Nikamwuliza imeandikwa namba gani. Akacheka.

"Bibi, wewe na oili wapi na wapi?"

Nilinyamaza, kwa sababu nikikasirika sana huwa nanyamaza. Mama yake alidhani nimeumwa. Sikuwa nimeumwa. Nilikuwa naangalia kile kidole chake, naona changu.

Sasa nisikilizeni, Deo na wote mnaoendesha magari ya porini huku kwetu. Mimi na oili tunajuana kabla baba zenu hawajajua kutambaa.

Baba yangu Stanislausi alikuwa mrina asali katika misitu ya Biharamulo. Alinifundisha kuijua asali kwa kidole. Ukichovya na kuinua, asali iliyoiva inashuka polepole kama uzi usiokatika. Iliyotiwa maji inadondoka matone. Hakuna mchuuzi aliyewahi kunidanganya, na nilipoolewa Kanazi nilikuja na kiburi cha kidole hiki kikubwa kuliko cha mahari yangu. Yusto alipopata pikapu ya dizeli kutoka kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, tukaanza kushuka na maharage ya Ngara hadi Biharamulo na kupanda na asali. Kwenye kupima asali Yusto alisimama pembeni, mimi nikachovya. Hata wanaume walikuwa wakiniita niwapimie.

Gari hilo, mwanangu, lilikuwa linaishi katika hali mbili za hewa. Asubuhi liko kwetu mlimani, mwezi wa saba, ukungu umejaa bondeni, na ukishika bodi lake vidole vinaganda. Mchana liko chini huko, kwenye mchanga na jua, linavuta mzigo kwa gia ndogo mpaka moshi unanuka. Injini ni hiyo hiyo moja. Watu wa mjini wanaoendesha kwenye lami hawalijui jambo hili, na nyinyi mnalijua lakini hamlifikirii.

Fundi Seifu alilifikiria. Alikuwa Mwislamu wa Biharamulo aliyefuata kazi Ngara, mtu wa maneno machache, mikono imekatikakatika yote. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kizungu, yeye akakisoma kwa kuangalia picha na namba, kisha akachana kipande cha boksi akaandika kwa mkaa: 15W-40. Akampa Yusto. "Oili ya hii injini ni hii. Usipoiona usinunue nyingine bila kuniuliza."

Yusto akanipa mimi kile kiboksi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nashuka Nyakanazi na lori la watu kufuata chumvi. Nilikuwa nimefika darasa la nne. Namba nilizisoma bila shida, kumi na tano, halafu M iliyopinduliwa, halafu arobaini. Nilizisoma. Hilo likumbukeni, kwa sababu ndilo lililoniumiza baadaye.

Sasa kwa nini tulikuwa na haraka. Mabukwe macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meupe kabisa katikati, tangu kabla Yusto hajanioa. Aliona mwanga na kivuli tu. Alinijua kwa sauti na kwa hatua, lakini uso wangu hakuwahi kuuona. Jumapili moja yalikuja matangazo kanisani kwamba madaktari wa macho watakuwa hospitali ya Biharamulo siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, wanasafisha macho ya namna hiyo, na anayewahi ndiye anayeonwa. Basi la abiria wakati ule lilikuwa la kubahatisha. Tukapanga tubadili oili Alhamisi, tuondoke Ijumaa alfajiri na pikapu yetu.

Mabukwe alikuwa mtu wa mizaha. Wiki nzima alikuwa akiniambia, "Wewe Msubi, jitayarishe. Nikirudi nina macho, jambo la kwanza nitaangalia kama mwanangu alidanganywa."

"Na ukikuta alidanganywa, mabukwe?"

"Nitakurudisha na asali yenu."

Melania akasema, "Mimi alishaniona kabla macho hayajaziba, ndiyo maana yakaziba." Tukacheka mpaka mabukwe akashika mbavu.

Pale Nyakanazi, ambapo wakati ule palikuwa na vibanda vichache tu na si hayo magesti mnayoyaona leo, duka la oili lilikuwa la mtu aliyeitwa Methodi. Nikamwonyesha kiboksi. Akatoa kopo lenye namba zile zile, akalifungua. Nikachovya kidole. Ikashuka haraka, ikadondoka.

"Hii mmeitia maji," nikamwambia.

"Mama, oili haitiwi maji."

"Mimi nimezaliwa kwenye mizinga, usinifundishe kitu kilichochakachuliwa."

Watu waliokuwa barazani wakacheka, wengine wakaniunga mkono. Methodi akaniangalia, akaona mtu wa kumalizana naye upesi. Akanisogeza kwenye pipa la pembeni. "Haya, jaribu hii. Hii ni hamsini. Mlima wenu ule unataka oili yenye nguvu." Nikachovya. Ilishuka polepole, uzi usiokatika, inang'aa. Kama ya msitu wa baba. Nikasema hii ndiyo. Akanijazia dumu.

Nasema wazi leo kwamba Methodi alikosea. Alikuwa na ile sahihi mkononi, ameombwa kwa maandishi, akauza nyingine kwa sababu mteja alikuwa mbishi na pipa lilikuwa limekaa. Muuzaji wa namna hiyo bado yupo, mwanangu, amejaa kwenye barabara yote hii mpaka Rusumo. Atakuuliza unakwenda wapi, halafu chochote utakachosema, jibu lake ni lile pipa lake. Lakini Methodi hakunilazimisha. Kidole kilikuwa changu.

Alhamisi mchana, jua likiwa kali, Gervasi akalala chini ya pikapu akatoa oili ya zamani. Melania akaichukua kwenye kopo akapaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Gervasi akamimina mpya. Akauliza, "Shemeji, mbona nzito hivi?" Nikamwambia, "Umezoea vitu vya maji maji." Yusto akawasha, gari likaunguruma vizuri, joto lilikuwa linaisaidia, sisi tukadhani imetukubali. Kile kiboksi cha Fundi Seifu kilikuwa kimebaki kwenye fundo la kitenge changu. Yusto hakukiulizia. Aliniamini.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito mpaka nguzo za Melania hazionekani. Mabukwe alishaketi mbele ya gari, kitenge kipya, rozari mkononi, nyumba nzima inanukia mafuta aliyojipaka. Yusto akawasha. Stata ikazunguka kama mtu anayesonga ugali uliomshinda, taratibu, taratibu, ikanyamaza. Akarudia. Mara ya nne betri ikachoka.

"Ni baridi," Gervasi akasema. "Tusukume."

Tukasukuma, mimi na Melania na Gervasi, tukaliteremsha kwenye kile kiteremko cha kuelekea kisimani. Yusto akaachia klachi, likashtuka, likawaka. Melania akapiga vigelegele. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka na haizimiki, Yusto alituambia baadaye, lakini kwa wakati ule yeye alikuwa anaogopa gari lisizime tena, basi akapiga resi. Gervasi naye anamchochea, "Piga, piga, lipate joto." Ndipo nikasikia kitu kinagonga ndani, kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo.

Mabukwe alikuwa wa kwanza kusema. "Yusto, zima. Kuna kitu kinalia."

"Ni baridi, mama. Itanyamaza."

"Zima, mwanangu. Mimi sioni lakini nasikia."

Akapiga resi mara moja tena. Injini ikagonga, ikakwama, ikanyamaza. Mabukwe aliendelea kukaa mbele, rozari mkononi, kama vile tutaondoka sasa hivi.

Gervasi ndiye aliyeanza maneno ya kijinga, na kwa kuwa yupo hai atayasoma hapa. Alisema kuna mtu ametufunga kwa uchawi, kwamba jirani fulani alipita jana jioni akaiangalia sana pikapu. Jirani wa watu alikuwa amepita na mbuzi wake. Mpaka leo jambo hili linanichemsha. Chuma kinavunjika mbele yenu kwa kosa mlilolimimina wenyewe, mikono bado inanuka oili, na mnatafuta jina la jirani.

Fundi Seifu alifika mchana kwa baiskeli. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakiinamisha, akasubiri. Oili ilining'inia. Mlima ulikuwa bado haujapata joto. Akaisubiri mpaka ikadondoka, ndipo akainua macho.

"Kiboksi changu kiko wapi?"

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani alinunua hii?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Fundo la kitenge liliniunguza kama kaa la moto. Yusto akaniangalia kidogo tu, kisha akasema, "Mimi."

Nikamwacha aseme. Nilimwacha mume wangu abebe kosa langu mbele ya fundi na mdogo wake, na nikaenda kugeuza kuni ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Seifu hakumkaripia sana. Alimweleza tu, na nilisikia kila neno. "Sikiliza, Yusto. Zile namba ni mbili kwa sababu gari lako lina asubuhi na lina mchana. Ya mbele, yenye W, ni ya asubuhi ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inakimbia upesi ikiwa bado ya baridi, inafika juu kabla vyuma havijasuguana. Ya nyuma ni ya mchana, injini imeshika moto, oili isiwe nyepesi kupita kiasi. Hii uliyotia ina namba moja tu. Haina asubuhi. Umepiga resi vyuma vikiwa vikavu."

Injini ilikuwa imenoki, vyuma vyake vimeshikana. Gervasi akachukua baiskeli ya fundi akaenda Ngara mjini kutafuta gari. Alilopata lilikuwa lori la kahawa, linaondoka kesho yake. Jumamosi tukapanda, mimi na Yusto na mabukwe, tukaharibikiwa na tairi njiani, tukafika hospitali jua linazama. Madaktari walikuwa wamefungasha saa nane wakaondoka. Kulikuwa na muuguzi mmoja, Skolastika, mama mwenye huruma. Aliyamulika macho ya mabukwe kwa tochi, la kulia, la kushoto.

"Haya yangefunguka, bibi," akasema. "Njoo mwakani."

Yusto akatoka nje. Alikwenda nyuma ya jengo, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Tulibaki wawili kwenye benchi, mimi na mabukwe, huko huko Biharamulo nilikozaliwa. Hapo nikamwambia. Nilimweleza pipa, Methodi, kiboksi kwenye fundo, Yusto kunibebea. Nikafungua fundo, nikamwekea kiboksi mkononi. Akakipapasa kote kama anatafuta maandishi.

"Hapa pameandikwa?"

"Ndiyo, mabukwe."

"Na ulisoma?"

"Nilisoma."

Kisha akanishika mkono, akavitenga vidole vyangu kimoja kimoja mpaka akafika hiki cha shahada.

"Kidole hiki?"

"Hicho."

"Mimi napima kwa kidole kwa sababu sina macho," akasema. "Sahani napima kwa kidole, mlango napima kwa kidole, na watoto wako nawajua kwa kidole. Wewe Mungu amekupa macho, na mzazi wako akakupa madarasa manne. Ukaviweka vyote kwenye fundo la kitenge, ukaenda na kidole. Ulitaka kuwa kama mimi?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeweza kulia. Alinirudishia kiboksi, akaongeza, "Na mwanangu usimwache tena asimame mahali pako." Nilimwambia Yusto na Seifu ukweli juma lililofuata, mbele ya Gervasi. Seifu alitikisa kichwa tu. Gervasi alinitania miaka kumi, kila akiniona na sufuria ya uji ananiuliza kama ni namba hamsini.

Mwaka uliofuata madaktari walikuja mwezi wa nane. Mabukwe tulimzika mwezi wa tano, homa ya siku nne. Usiku wa mwisho sikuwepo, nilikuwa nimelala na mtoto, lakini jioni yake aliniita, akanipapasa uso, paji, pua, mashavu, akafika mdomoni akakuta pengo langu. "Kumbe kweli alidanganywa," akasema. Ndivyo alivyonijua.

Sasa, Deo, na wewe mwanangu usiyekuwa wangu unayesoma hapa, mnataka nicheke mnapochovya vidole? Uzito si nguvu. Wepesi si udanganyifu. Oili imeandikwa namba kwenye kopo, na gari lako lina kitabu, na kama kitabu kimepotea yupo fundi anayeijua injini yako, muulize kabla hujamwuliza mwenye pipa. Anayelaza gari mlimani kwetu atazame namba ya mbele, ile yenye W, iwe ndogo kadiri kitabu kinavyoruhusu. Anayeshuka nalo Biharamulo na mzigo kwenye mchanga asiisahau ya nyuma. Ukiwa unafanya yote mawili siku moja, kama tulivyofanya sisi, basi namba zote mbili zinakuhusu. Wala sisemi kila mtu akanunue 15W-40 kwa sababu bibi fulani wa Kanazi ameandika. Hiyo ilikuwa injini ya Yusto. Ya kwako ina yake, na ukinakili ya jirani utakuwa umechovya kidole kwa namna nyingine.

Likiwaka kwenye baridi, liache lingurume pole, usilipigie resi. Taa nyekundu isipozimika, zima gari, hata kama kuna mgonjwa, hasa kama kuna mgonjwa. Ukivuka mto ukaingia maji mengi, vuta kijiti uangalie. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe. Na ninyi mnaokula vumbi la njia za porini, msisubiri kubadili oili kwa muda ule ule anaosubiri mtu wa lami. Mnabeba watu ambao hawana gari jingine. Akina mama wanakaa mbele wamejipaka mafuta, wanawangoja nyinyi mgeuze funguo.

Deo alirudisha lile dumu. Hakuniambia, mama yake aliniambia. Kiboksi cha Fundi Seifu nimempa, mkaa umefifia lakini bado unasomeka.

Mungu awape asubuhi zenye kuwaka na mchana usiowaunguza, awalinde kwenye miteremko ya Ngara na kwenye mchanga wa Biharamulo, na awape nguvu ya kusema "ni mimi" wakati ni nyinyi.

Mimi ni mzee, huenda nimechanganya. Huenda lori lilipasuka tairi mara mbili, si moja. Huenda mafundo ya kitenge changu yalikuwa mawili. Gervasi, Melania, mlikuwepo, na wengine mliosikia kwa wazazi wenu, nilipokosea nisahihisheni, jina kwa jina. Na kama yupo anayekumbuka kwamba Pelagia aliwahi kuniona uso, hata kwa mara moja, hata kwa kivuli, aje aniambie. Huyo nitamsikiliza bila ubishi.